Mbuna wa Newala

Shemeji Mkwachu aliwaleta kutoka Mbamba Bay
kwenye ndoo ya rangi, mfuniko umetobolewa kwa msumari.
Namtumbo, Tunduru, Masasi, kila basi liliposimama
aliipulizia ndoo kwa pampu ya baiskeli,
abiria wakamuuliza anaumwa nini huyo uliyembeba.

Walikuwa wawili. "Dume na jike," alisema, "wataelewana."
Dume wa buluu, mistari kama kitenge ambacho hakijafuliwa.
Jike njano ya binzari.
Asubuhi ya nne mapezi ya jike yamechanika
kama bendera ya ofisi ya kata.
Ya tano sikumkuta jike. Nilikuta kitu.

Nikapiga simu. Shemeji akacheka:
"Uliwaweka wawili kama fungate? Ongeza!"
Nikaongeza. Nikabeba mawe ya matumbawe kutoka Mikindani,
nikayapanga mapango, vichochoro, milango ya nyuma,
nikajifunza hesabu ambayo ghalani hatuna:
wawili ni vita, kumi na wawili ni mtaa.
Mgomvi akipata wengi wa kufukuza
hammalizi yeyote.
"Na dume mmoja," nilimsomea Somoe, "kwa majike matatu au manne."
Cherehani ikanyamaza.
"Hiyo ni ya samaki," nikasema.
"Nimesikia," akasema.

Mchana mimi napima korosho:
gunia, kilo, unyevu, daraja la kwanza, la pili.
Jioni napima kwa vidole viwili,
chumvi ya yai moja, basi.
Wakija kiooni midomo wazi, usiwaamini.
Samaki huyu hajui kusema nimeshiba.
Utumbo wake mrefu, umezoea kukwangua
utelezi wa kijani kwenye mawe ya ziwa;
mpe mchicha uliochemshwa bila chumvi, umpe kidogo.
Dadi, mtoto wa dada, aliwahurumia siku ya Idi,
akawatupia nyama ya kusaga.
Watatu walivimba kama puto.
Niliwazika bustanini, na Dadi
hakugusa mchicha mwezi mzima.

Lakini hapa ni Newala.
Hapa maji hupanda mlima kwa boza, na ndoo ina bei.
Nikibadilisha robo ya tangi, Bi Likwata yuko uani kwake:
"Wengine tunaoga kwa kopo,
samaki wa mtu wanabadilishiwa kama shuka za hoteli."
Sina jibu. Yale machafu nayamwaga kwenye mchicha,
mchicha unanenepa, nusu wanakula mbuna,
nusu naupitisha juu ya ua.
Anapokea. Maneno hayapungui.

Oktoba bomba likakohoa hewa.
Tangi la mvua, ukiligonga, linaitika.
Ndipo jike mmoja akaacha kula.
Chakula kinashuka mbele yake, wenzake wanakinyang'anyana,
yeye anarudi kinyumenyume pangoni,
kidevu kimejaa, midomo imebanwa.
Nikasema, ni yale ya Idi tena.
Somoe akaleta tochi ya simu, akainama kioo kikapata ukungu.
"Haumwi. Ana watoto mdomoni."

Habari ikavuka ua kabla yangu.
Kila magharibi Bi Likwata anasimama mlangoni, kanga imefungwa kifuani:
"Kala?"
"Hajala."
"Nilijua. Unawabania."
Siku ya kumi. Ya kumi na tano. Jike kakonda, kichwa kimezidi mwili.
Nyumbani ndoo mbili zimebaki. Tumekunywa chai nusu kikombe
na hakuna aliyesema kwa nini.

Siku ya ishirini na mbili alifungua mdomo kati ya mawe mawili.
Punje za mchele zenye macho.
Nikahesabu kumi na saba, nikarudia, kumi na tisa,
katika mtaa ambao hauna kiwanja hata kimoja.
"Watakaa wapi?" akauliza Somoe.
"Na watakunywa nini?" akauliza Bi Likwata,
pua yake imegusa kioo, hajui kama anatabasamu.

Nikavaa viatu
nikaenda kuulizia bei ya boza.